Jiko Jipya la Ngamiani: Uchambuzi wa Kisa cha Kaya Iliyorudia Kupika Nyumbani

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kaya ya watu sita inayoishi Ngamiani, jijini Tanga. Wamo shangazi yangu, ambaye ni mwalimu mstaafu, mwanawe wa kiume, mkamwana ambaye ni muuguzi wa zamu, na wajukuu watatu wanaosoma. Kwa muda mrefu jioni nyingi za kaya hii zilipita kwa chakula cha kununua. Kisha likanunuliwa jiko la pleti nne lenye oveni, na baada ya kipindi kifupi cha misukosuko, wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha na mkate wa kumimina vikarudi mezani kana kwamba havikuwahi kuondoka. Jamaa wengi waliosikia habari hii walisema kwamba jiko zuri limewatia watu wa nyumba ile hamu ya kupika. Mimi sikubaliani nao. Hamu ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni moto wa pili, pamoja na moto mdogo unaoweza kuachwa peke yake bila kuunguza chakula.

Ili jambo hilo lieleweke, inafaa kwanza kutazama mpangilio wa zamani. Jikoni kulikuwa na mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo kilichofungwa juu yake moja kwa moja, na uani kulikuwa na jiko la mkaa la bati. Mtungi wa namna hiyo ni mwema sana kwa chai ya asubuhi na kwa mtu anayeishi peke yake, lakini una moto mmoja tu, nao umekaa juu na kwa wembamba, hivyo sufuria kubwa huyumba juu yake na ugali hausongeki mpaka sufuria iteremshwe sakafuni na kubanwa kwa miguu. Jiko la mkaa nalo lilihitaji muda wa kukolea kabla halijapokea chungu, na katika miezi ya masika uani hapakupikika kwa mvua. Kwa hiyo mlo wa kawaida wa pwani, yaani wali, kitoweo na mboga, ulipaswa kupikwa kwa zamu juu ya moto mmoja. Wali ulianza, ukaepuliwa, mchuzi ukafuata, na mchicha ulipoiva wali ulikuwa umekwisha kupoa. Mkamwana aliyerejea kazini magharibi, akiwa amesimama tangu alfajiri, alikuwa anatakiwa asimame tena karibu saa mbili mbele ya foleni ya sufuria.

Kaya haikuamua siku moja kwamba haitapika. Ilianza kwa kupunguza sufuria. Mboga iliachwa, kisha mchuzi ukawa wa kupasha, kisha chapati zikanunuliwa kwa jirani na maharage kwa mama ntilie, na mwisho chipsi mayai zikawa ndicho chakula cha usiku wa siku za zamu. Hali hiyo ilizaa lawama za chini kwa chini. Shangazi aliona kwamba vijana wameacha kupenda chakula cha nyumbani, na aliwahi kuniambia, "Mwanangu, sisi humu ndani sasa ni wapangaji wa mama ntilie." Mkamwana hakumjibu mama mkwe wake kwa maneno, kwa kuwa heshima haikumruhusu, lakini mimi aliniambia kwamba angepika kila siku kama angepewa pa kuweka sufuria ya pili. Wote wawili walikuwa wakieleza tatizo moja, ila mmoja alilitazama kama suala la tabia na mwingine kama suala la nafasi. Kwa mizani yangu, mkamwana ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Uamuzi wa kununua jiko ulitokana na akiba ya mwanawe wa shangazi pamoja na sehemu ya mchezo, yaani upatu, wa kikundi cha mkamwana. Madukani palikuwa na aina tatu za kuchagua. Ya kwanza ni jiko la mezani la pleti mbili lenye uso wa kioo, ambalo ni la bei nafuu na linawatosha watu wengi. Ya pili ni jiko la kusimama lenye pleti nne za gesi na oveni ya gesi. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyojaa madukani na ndiyo waliyoichukua, ina pleti tatu za gesi, pleti moja ya umeme na oveni ya umeme. Wauzaji hupenda kusifia idadi ya pleti, rangi, na taa iliyomo ndani ya oveni. Shangazi aliuliza swali moja tu, nalo lilikuwa bora kuliko sifa zote hizo: pleti ndogo kabisa ikipunguzwa mpaka mwisho, moto wake unazimika au unabaki?

Ubora wa swali hilo unaonekana kwenye hesabu. Katika majiko mengi ya aina hii pleti ndogo ina nguvu ya takriban kilowati 1, ya kati kilowati 1.75, na kubwa kilowati 3. Kilo moja ya gesi ya mitungi hubeba nishati inayokaribia kilowati-saa 13, kwa hiyo pleti kubwa iliyofunguliwa yote hula gramu 230 hivi kwa saa, ilhali ndogo hula kama gramu 80. Mtungi wa kilo 15 unaotumika kwenye pleti kubwa peke yake utakwisha kwa saa zipatazo 65, na kwenye ndogo utafika karibu saa 190. Tofauti hiyo haionekani dukani, wala haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini ndiyo inayoamua kama kaya itaendelea kupika kwa gesi mwisho wa mwezi au itarudi kwenye mkaa. Wali, maharage na mchuzi wa nazi havihitaji moto mkubwa baada ya kuchemka. Vinahitaji moto mdogo usiobadilika.

Kufunga jiko kulichukua muda kuliko ilivyotarajiwa, na kikwazo cha kwanza kilikuwa umeme. Duka lilipendekeza plagi ya kawaida ichomekwe kwenye soketi iliyopo ukutani. Fundi umeme alikataa, na alikuwa sahihi. Oveni hiyo pamoja na pleti ya umeme zikiwaka kwa pamoja huvuta karibu kilowati 4, ambazo kwa umeme wa volti 230 ni zaidi ya ampea 17, wakati plagi ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 13, yaani chini kidogo ya kilowati 3. Plagi ingeanza kwa kupata joto, kisha plastiki yake ingelainika, na hatimaye soketi ingeungua. Fundi alivuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye boksi la sakiti breka, akafunga swichi ya jiko ukutani, pembeni badala ya juu ya jiko, ili mtu akitaka kuizima asilazimike kupitisha mkono juu ya sufuria inayotokota. Gharama hiyo haikuwamo katika bajeti, na nadhani kila anayenunua jiko la aina hii angefaa kuiuliza kabla hajalipa dukani.

Upande wa gesi ulikuwa rahisi zaidi lakini haukufanywa kwa haraka. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani bali hushuka na kutanda sakafuni, ikingoja cheche. Kwa sababu hiyo mtungi uliwekwa nje ya ukuta wa jikoni, umesimama wima, katika kibanda chenye matundu ya hewa chini, na mpira ukapitishwa ukutani ndani ya kipande cha bomba ili usisuguliwe na saruji. Viungo vyote vilipakwa povu la sabuni na kutazamwa kama panatoka mapovu. Inasikitisha kwamba bado wapo mafundi wanaojaribu uvujaji kwa njiti ya kiberiti, hali wakijua fika kwamba harufu kali ya gesi hiyo imetiwa kwa makusudi ili pua imtahadharishe mtu kabla ya moto.

Jambo jingine lililokaguliwa ni tundu dogo la shaba linalopitisha gesi chini ya kila pleti. Gesi asilia ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na ambayo baadhi ya nyumba za Dar es Salaam huipata kwa bomba, ni methani, nayo huhitaji tundu pana kuliko gesi ya mtungi. Jiko lililopangwa kwa gesi asilia likifungwa kwenye mtungi hutoa miali mirefu ya njano na kupaka sufuria masizi. Jiko la shangazi lilikuwa na tundu sahihi, lakini pleti ya kati ilitoa moto wa njano upande mmoja. Ikabainika kwamba kifuniko chake hakikukaa sawasawa juu ya kitako, kikasogezwa, na moto ukawa wa buluu pande zote.

Hapo ndipo misukosuko ya mapishi ilipoanza. Wali wa nazi, ambao ndio uliosubiriwa kuliko chakula kingine, uliungua katikati na kubaki mbichi pembezoni. Ulirudiwa, na matokeo yakawa yale yale. Shangazi alikwisha kuanza kusema kwamba gesi haijui wali, na ingekuwa rahisi kukubaliana naye, kwa kuwa mikono yake imepika wali tangu utotoni na haikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa kwamba mikono hiyo ilijifunza juu ya mkaa, na mkaa hupeleka joto kwa namna tofauti kabisa.

Anayepika wali wa nazi kwa mkaa huchemsha tui jepesi, hutia mchele, na linapokaribia kukauka humimina tui zito. Kisha hupunguza makaa ya chini, hufunika sufuria, na huweka makaa mengine juu ya mfuniko. Huko ndiko kupalia, na ndiyo sehemu ya upishi inayoivisha punje za juu na kukausha mvuke bila kuunguza za chini. Joto hutoka pande mbili, nalo limetawanyika kwa sababu kitanda cha makaa ni kipana. Pleti ya gesi hufanya kinyume chake, kwani hutoa duara jembamba la moto lililojaa nguvu, chini peke yake, na sufuria zetu za alumini nyepesi hazina unene wa kulisambaza joto hilo kabla halijafika kwenye mchele. Kwa hiyo katikati huungua, pembezoni hubaki na kiini, na juu mvuke hugeuka maji chini ya mfuniko na kuudondokea wali tena.

Suluhisho lilipatikana kwa kutafuta kile ambacho makaa ya juu yalikuwa yakifanya, na kukifanya kwa kifaa kilichopo. Tui zito lilipokwisha kunyweka, sufuria iliyofunikwa, isiyo na mpini wa plastiki, iliingizwa ndani ya oveni iliyokwisha kupata joto la nyuzi 150 na kuachwa humo dakika 20. Wali ulitoka umechambuka, punje kwa punje, tangu juu hadi chini. Wajukuu peke yao ndio waliolalamika, kwa kuwa ukoko haukuwapo, na malalamiko yao yalisikilizwa: siku hizi sufuria ikitoka ovenini hurudishwa kwenye pleti ya kati kwa dakika chache, ukoko ukapatikana.

Oveni hata hivyo haifai kuwashwa kila siku kwa ajili ya wali peke yake, na katika kaya hii sababu yake iko kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mteja wa nyumbani anayetumia umeme mdogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti, na akivuka kiwango hicho bei ya uniti za ziada hupanda zaidi ya mara tatu. Friji, taa na televisheni za nyumba ile zilikuwa zinakaribia kikomo hicho hata kabla ya jiko kuja. Kuwasha oveni mpaka ipate joto, kisha kuiacha iendelee, hula karibu uniti moja. Ikifanyika kila siku, mwezi mzima ungeongeza uniti 30. Kwa hiyo kwa siku za kawaida ilitumika njia ya pili, ambayo mkamwana ndiye aliyeibuni. Chuma kizee cha kuchomea chapati huwekwa juu ya pleti ndogo, sufuria ya wali hukalishwa juu yake, na moto hupunguzwa mpaka mwisho. Chuma kile hupokea duara la moto na kulieneza, na kitambaa safi kikifungwa chini ya mfuniko hunyonya mvuke. Wali wa namna hiyo haufikii ule wa oveni, lakini ni mzuri, na gesi inayotumika ni ya gramu chache.

Ugali ulileta taabu ya namna nyingine. Vyuma vya juu ya jiko vilikuwa vyembamba, na mwiko ulipoanza kusonga, sufuria iliteleza na jiko zima likatikisika. Walichofanya ni kuhamishia ugali kwenye pleti ya kati iliyo mbele, kupunguza ukubwa wa sufuria, na kumtaka anayesonga aibane kwa koleo la chuma. Kwa ugali wa wageni wengi hakuna ujanja uliofaa, na shughuli kama hiyo bado hufanyika uani juu ya mafiga.

Baada ya hapo mapishi ya nyumbani yalirudi kwa kasi ambayo hata mimi sikuitarajia. Utaratibu wa jioni sasa ni kwamba shangazi hukuna nazi na kukamua tui alasiri, samaki hutoka soko la Deep Sea asubuhi na hutiwa chumvi na ndimu, na mkamwana akifika hukuta kazi imebaki ya moto tu. Wali hukaa pleti ndogo, mchuzi hukaa pleti ya kati, na mchicha au bamia huchukua dakika chache kwenye kubwa. Vyote huiva kwa pamoja, na kinachoonekana mezani ni chakula cha kawaida kabisa cha Mtanga: kibua wa mchuzi wa nazi na ukwaju, kisamvu, dagaa wa kukaanga kwa nyanya, muhogo wa nazi siku ambayo mchele umepungua. Sijaona katika nyumba ile hata pishi moja la kujionyesha. Wapo wanaonunua jiko la oveni wakidhani litawageuza wapishi wa keki na piza, na oveni zao huishia kuwa kabati la kuhifadhia masinia. Hapa oveni ilipata kazi kwa sababu ilipewa mapishi ambayo nyumba ilikuwa ikiyajua tangu zamani.

Mfano wa wazi ni mkate wa kumimina. Mchele uliolowekwa usiku husagwa kwa tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, na mwisho ukachanganywa na ute wa yai uliopigwa. Kwa mkaa, upishi wake ni wa wasiwasi, kwani makaa ya juu yakizidi uso huungua kabla ya ndani kukauka, na mpishi hufunua na kufunika mpaka uumukaji wenyewe huporomoka. Kwa oveni ya nyuzi 180 mkate huiva kwa dakika 40 hivi bila kuguswa. Shangazi huuoka Ijumaa, na katika joto hilo hilo linalobaki huingiza sufuria ya wali, ili uniti ile moja ifanye kazi mbili. Maharage nayo hayachemshwi tena kwa saa nyingi, kwani hulowekwa usiku na kupikwa kwa sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto la maji hadi karibu nyuzi 120.

Kuhusu gharama kwa jumla, watu hubishana sana bila kupima. Jiko la kawaida la bati hupeleka kwenye sufuria robo tu ya joto la mkaa, au chini ya hapo, ilhali jiko la gesi hupeleka zaidi ya nusu. Kwa kuwa kilo ya gesi pia ina nishati nyingi kuliko kilo ya mkaa, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo tatu na nusu hadi nne za mkaa. Mtu yeyote anaweza kuchukua bei za mtaani kwake na kupiga hesabu hiyo mwenyewe. Lakini hesabu hiyo haiondoi ugumu ambao kaya za kipato kidogo hukutana nao: mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya siku hiyo, ilhali mtungi wa kilo 15 hudai fedha nyingi kwa mkupuo. Kaya ya shangazi iliweza kwa sababu ina pensheni na mishahara, ikaanza kutenga fedha kidogo kidogo kwa ajili ya mtungi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mwili wake, na mizani ya kawaida huwaonyesha ni gesi kiasi gani imebaki kabla haijawakatikia katikati ya pilau.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Kaya hii ingehesabiwa miongoni mwao, na kwa haki, kwa kuwa watoto hawavuti tena moshi wa mkaa kila jioni. Hata hivyo jiko la bati halikuondoka. Samaki wa kupaka alijaribiwa ovenini chini ya moto wa juu. Tui liliganda vizuri na kupata rangi ya dhahabu, lakini ile harufu ya tone la tui linalodondokea kaa haikupatikana, na nyumba nzima iliafikiana kwamba huyo alikuwa samaki wa kuoka. Kwa hiyo kopo la mkaa bado hununuliwa kwa ajili ya samaki huyo na mahindi ya msimu. Shangazi ameshauriwa mara kadhaa aliuze jiko lile na amekataa. Kwa kuwa linawashwa uani, na si kila siku, mimi sioni sababu ya kumshawishi vinginevyo.